Bamvua la Siku ya Mechi

Mtu akikwambia kwamba Mwanajuma binti Mustapha hakulitaka kombe, mkatalie papo hapo. Alilitaka. Alilitaka kuliko wengi waliokuja kumpigia kelele baadaye. Pale Mbuchi, ndani ya delta, ambako mikoko inaanza nyuma ya vyoo vya watu, hakuna aliyeliota lile kombe kama yeye. Ndiyo maana alichokifanya Jumamosi ile watu wanakizungumza mpaka leo, na kila anayekisimulia hukisimulia kwa kutikisa kichwa.

Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kazi yake ni kununua kaa. Wavuvi huwachokoa kaa mashimoni kwa ndoana za chuma, wakawafunga magando kwa ukindu, wakamletea. Yeye humgeuza kaa mmoja mmoja, akambonyeza tumboni, aliye laini humrudisha majini na maneno yake, "Nenda kakue, mwanangu, uje na nyama." Waliokomaa huwapanga kwenye matenga, akawapakia kwenye boti yake ya mashine, boti ya mbao iliyoandikwa ubavuni SINA NENO, akawapeleka Nyamisati, ambako ndiko barabara ya kwenda Kibiti inakoanzia.

Kwa hiyo maisha yake yote ni maji kujaa na maji kutoka. Muulize saa, atakujibu kwa maji.

Ukiacha kaa na boti, alikuwa na mambo mawili aliyoyapenda. La kwanza, Badru, mdogo wake, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki, akambeba mgongoni huku akifunga kaa. La pili, Kaa Koko FC, timu ya Mbuchi, na Badru ndiye beki wake wa kati na ndiye kepteni. Mambo mawili hayo yalikuwa kama jambo moja, mpaka siku ilipofika ya kuyatenganisha.

Hebu sikia yalivyokuwa. Mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa Kibiti alianzisha mashindano, mshindi apewe ng'ombe dume mzima na kombe la kung'aa. Kaa Koko, ambao kwenye ligi ya wilaya walikuwa wanapigwa kama ngoma, kwenye mashindano hayo wakashikwa na shetani gani sijui. Wakamtoa huyu, wakamtoa yule, mpaka wakaingia fainali. Wakutane na Daraja FC ya Ndundu, Kibiti mjini, Jumapili, saa tatu asubuhi. Asubuhi, kwa sababu mwenye ng'ombe alitaka achinjwe mapema, adhuhuri watu wale wali.

Mbuchi haijawahi kushinda kitu. Mshamu, mpiga ngoma wa timu, alikuwa akisema, "Sisi makombe ya dawa tumeyanywa ya kila shehe, ila la kunyanyua hatujaligusa."

Lakini huku nyuma ligi nayo ilikuwa inamalizika. Ilibaki mechi moja, nyumbani, na Bodaboda FC kutoka Kibiti mjini. Wakipata sare wanabaki. Wakifungwa wanashuka daraja, wanarudi kucheza ligi ya kata. Na mechi hiyo ilipangwa Jumapili hiyohiyo, jioni.

Viongozi wa timu wakapiga simu Kibiti, kwa watu wa ligi, wakalia. Huko wakaambiwa, "Haya, chagueni siku nyingine wenyewe. Lakini mkishachagua, hakuna kubadili. Asiyekuwepo kiwanjani, pointi zinakwenda kwa mwenzake."

Wakamgeukia Mwanajuma. Boti zote za mashine zingekuwa baharini, maana lilikuwa giza la mwezi na giza ni la dagaa. Boti iliyobaki ni yake. Naye akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Jumamosi. Ni bamvua, maji yanajaa alasiri. Mkimaliza mechi mnapanda, tunakata kwenye kijito cha nyuma ambacho siku nyingine hakipitiki, tunalala Kibiti. Asubuhi mnacheza mmepumzika."

Watu wakampigia makofi. Watu wa maji wote wale, waliozaliwa kwenye maji, waliona boti inavyopita, waliona kijito kimejaa. Hakuna hata mmoja aliyeona kiwanja.

Kiwanja cha Mbuchi ni jaruba la zamani. Zamani palilimwa mpunga, chumvi ikapashinda, vijana wakapafyeka wakasimamisha magoli. Upande wa kijitoni kuna tuta la udongo lililojengwa na wazee wa mpunga kuzuia maji, na tuta hilo ndilo linalokifanya kiwanja kiwe kiwanja. Bamvua la kawaida, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hufika kwenye tuta likalilamba, likarudi. Bamvua la mwezi wa tisa, na huo ulikuwa wa tisa, ni jingine.

Ijumaa jioni, maji yakiwa yanatoka, Mwanajuma alipita pale akitoka kupokea kaa. Akaona kitu kikamsimamisha. Takataka za maji, yale majani ya mikoko na vijiti ambavyo maji huviacha yanapofikia mwisho, zilikuwa zimelala karibu na kichwa cha tuta. Na tuta lenyewe lilikuwa linalia. Kila tundu la kaa lilikuwa linatoa machozi upande wa kiwanjani. Wavuvi wake mwenyewe walikuwa wamechokoa kaa humo msimu mzima, na matundu wameyaacha wazi.

Akajua. Kesho maji yatakuwa makubwa kuliko leo, na yatafika juu mechi ikiwa katikati. Matenga yakamtoka mikononi.

Magharibi ilipopita, mashabiki walikusanyika mbele ya mgahawa wa Sabra, shoga yake Mwanajuma tangu utotoni, anayeuza chapati na maharage. Mwanajuma akasema yote, hakuficha. Kisha akasimama Mshamu. Huyu ni mtoto wa mjomba wake Mwanajuma, kwa hiyo mtani wake, na mtani hana breki.

"Mtani, wewe kaa wako unawajua mpaka matumbo, kiwanja cha timu yako hukijui kina mlango wapi?"

"Nimekosa. Sema lingine."

"Lingine ni hili. Mungu ametuonyesha njia. Ligi tuiache. Tuondoke na maji ya alfajiri, twende zetu Kibiti, Jumamosi tunalala, tunanyooshwa misuli, Jumapili tunambeba ng'ombe wetu. Ligi ipo kila mwaka. Ng'ombe haji kila mwaka!"

Vijana wakapiga kelele za kumkubali. Sabra akainua mwiko wake.

"Na ukishashuka daraja, Mshamu, hiyo ngoma utampigia nani? Mikoko?"

"Mikoko haitukani refa. Nitaipigia kwa raha."

"Ng'ombe huyo utamla siku moja," Mwanajuma akasema. "Mfupa wake utautafuna mwaka mzima? Sikilizeni, jamaa zangu. Nilikuwa msichana, nimempeleka mama hospitali. Kwenye benchi mtu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mbuchi. Akasema, Mbuchi ndiyo nchi gani? Akacheka. Sasa hivi watu wa Kibiti wanavuka maji kuja hapa. Wanakuja wametapika, lakini wanakuja. Wanakula kwa Sabra, wanatutukana, tunawatukana, wanatujua. Tukishuka, nani atavuka? Tutacheza na jirani zetu hawa hawa mpaka tuzeeke."

Hapo hata waliokuwa wanapiga kelele wakatazama chini. Ndipo Badru akazungumza. Alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mguu wa kulia ameunyoosha, goti limefungwa kitambaa.

"Dada, unasema kweli. Lakini goti hili halina mwaka mwingine. Timu ikishuka, vijana watakuja kuipandisha. Mimi hilo kombe nani atanipandishia?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mwanajuma.

Mwisho wakakata shauri la watu wasiotaka kuacha kitu: asubuhi maji yakiwa chini, wote, wanaume kwa wanawake, waende wakalitengeneze tuta. Jioni wacheze ligi. Filimbi ikilia, wapande SINA NENO kabla maji hayajatoka kijitoni.

"Mshika mawili..." Sabra akaanza.

"Nyamaza, usimalizie!" Mshamu akamkatiza, na watu wakacheka kicheko cha wasiwasi.

Asubuhi tope liliwafika magotini. Waliziba matundu kwa udongo na makuti, wakapanga viroba vya mchanga pale palipolegea. Mwanajuma alipita na kijiti akichoma kila mahali kama anavyombonyeza kaa kujua kama amekomaa. Kwenye kona ya kaskazini, karibu na kibendera, kijiti kilizama chote. Wakaongeza viroba pale. Vikaisha.

Wageni wakafika na boti yao ya kukodi, wameiacha kwenye gati la mbali upande wa pili, na nahodha wake akawaambia wazi kwamba yeye anarudi Nyamisati kwa njia ya wazi ya baharini, na hana nafasi ya kuongeza hata kuku. Refa alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alizunguka kiwanja, akapanda juu ya tuta, akatazama maji upande ule, akatazama nyasi upande huu, akateremka akiwa amebadilika sura.

"Kepteni," akamwambia Badru, na Mwanajuma alikuwa karibu akasikia. "Kiwanja ni dhamana ya mwenyeji. Maji yakiufunika mstari, nikawa siuoni, napuliza. Mechi imekwisha, pointi za wageni. Tusije tukalaumiana."

Wakaswali alasiri, mpira ukaanza.

Bodaboda walikuwa na mbio. Kabla Mshamu hajaipasha ngoma yake moto vizuri, walikwishafunga. Goli la kijinga, kipa kateleza. Mwanajuma hakuona hata lilivyoingia. Macho yake yalikuwa kwenye tuta. Maji yalikuwa yanapanda kimyakimya, kahawia, yamebeba povu. Huku nyuma anasikia "Rudi! Rudi! Mkabe huyo!" na mbele anaona kidole kimoja cha udongo kimezama, cha pili kimezama.

Kabla ya mapumziko wakapata kona. Badru akapanda kutoka nyuma, anachechemea, akaruka kwa mguu mmoja mzima, akautia kichwa. Wavuni! Ngoma ikalia, wanawake wakapiga vigelegele, Sabra akarusha mwiko juu ukapotea mpaka kesho yake. Moja kwa moja. Sare. Ikibaki hivi, wamebaki.

Kipindi cha pili kikaanza maji yakiwa sawasawa na kichwa cha tuta. Twalibu, kijana anayemwendeshea Mwanajuma boti, alikuwa kijitoni nyuma ya kona ya kaskazini, mashine tayari, mabegi ya wachezaji ndani, anapiga kelele kwamba kabla ya Isha wafike Nyamisati. Mwanajuma akamwonyesha mkono: subiri.

Akaanza kuomba. Maji yakishafika juu kabisa husimama kidogo, kabla ya kugeuka. Alikuwa anangoja yasimame. Akaona povu limeacha kutembea. Akashusha pumzi.

Hapo ndipo tuta likaenda.

Halikupiga kelele. Kiroba kimoja kilijigeuza kama mtu usingizini, kikalala upande, na nyuma yake udongo ukayeyuka. Maji yakaingia kwa ulimi mpana wa kahawia, yakameza kibendera cha kona, yakaanza kuutafuta mstari. Watu wakakimbia. Wakatupa viroba vilivyong'oka, vikasombwa. Wakatupa makuti, yakasombwa. Mshamu akatupa ngoma yake, na ngoma ikaelea kuelekea golini mpaka kipa akaipiga teke. Refa akasimamisha mchezo. Akaja mbio mpaka pembeni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bado nauona," akasema. "Lakini nikishindwa kuuona, nimeshindwa."

Pengo lilikuwa limefikia upana wa kitanda, na linakula kingo zake. Mwanajuma akaligeuzia mgongo. Mbele yake, kijitoni, palikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kirefu kuliko pengo lile na kizito kuliko maji yale.

Akaingia majini mpaka kiunoni na khanga zake.

"Twalibu, toa mashine. Ipeleke nchi kavu. Na mabegi."

"Mama, tunaondoka na nini?"

"Toa mashine, mwanangu!"

Mshamu alikuwa wa kwanza kuelewa. Alirukia ubavu wa boti akaung'ang'ania kwa mikono miwili. "Mtani, huyu ndiye ng'ombe wetu! Huyu ndiye kombe! Ukimtia pale hatoki, maji yakitoka anakaa kwenye tope. Unajua!"

"Najua."

"Mechi moja tu, Mwanajuma! Tushuke, tutapanda tena. Twende na hawa watoto wakashike kitu mikononi!"

Mwanajuma aligeuza kichwa akamtafuta Badru. Alikuwa amesimama mbele ya goli lao, kwenye eneo la hatari, mikono kiunoni, anamtazama. Naye alikuwa ameelewa. Wakatazamana juu ya vichwa vya watu na juu ya maji, dada na mdogo wake aliyembeba mgongoni. Mwanajuma alingoja atikise kichwa, au akubali, au anyooshe hata kidole.

Badru akageuka, akampa mgongo, akamwendea mshambuliaji wa wageni akamsimamia kama vile mchezo unaendelea.

"Sukumeni," Mwanajuma akasema.

Hakuna aliyesogea. Kisha Sabra akaingia majini, mzito vile alivyo, akatia bega. Wakafuata wawili watatu. Mwisho Mshamu, akitukana maji, akitukana mikoko, akitukana na ng'ombe, akasukuma kuliko wote. Mkondo wenyewe ukaipokea boti ukaibana kwa ubavu kwenye pengo. Lakini maji yalikuwa bado yanaiinua, yanapita chini yake. Mwanajuma akapanda ndani, akapapasa sakafuni, akaikamata nguruzi, kile kizibo cha mti kinachoziba tundu la chini, akaichomoa.

SINA NENO ikaanza kunywa. Ikashuka taratibu, ikakaa. Wakatupa ndani yake tope, viroba, mawe ya mafiga ya Sabra, kila chenye uzito. Ulimi wa maji ukawa mwembamba, ukawa kamba, ukawa uzi.

Refa akatembea kwenye kona, maji yakiwa juu ya vidole vyake. Akainama. Chokaa ilikuwa inaonekana, imefifia kama maziwa yaliyomwagika. Akanyoosha mgongo, akatazama watu wote wale waliotapakaa tope wakimtazama bila kupumua.

"Endeleeni," akasema.

Muda uliobaki ulikuwa mrefu kuliko mechi nzima. Bodaboda walijua wakipata moja wamemaliza kazi, wakaja wote. Mpira ukigusa lile dimbwi unakwama kama umeshikwa mguu, na mara ya mwisho ulikwama mbele ya goli, kipa yuko chini, mshambuliaji wao anakuja peke yake. Badru alitupa mwili mzima, goti na kitambaa chake, akateleza kwenye maji kama mamba, akautoa. Hakuinuka. Filimbi ikalia akiwa amelala pale, uso juu.

Sare. Mbuchi imebaki.

Na unajua, hakuna aliyeshangilia mara moja. Watu wote waligeuka wakaitazama boti. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka, yanaiacha imeinama kwenye tope, ubavu wa maandishi juu. Vijana walisema wapige makasia kwa mitumbwi. Mshamu mwenyewe akaenda kuitazama ile mitumbwi akarudi akikung'uta mikono. Giza lile na maji yanayotoka, wangelala kwenye tope katikati ya mikoko. Wakapiga simu Kibiti. Wakajibiwa kwamba ng'ombe ameshafungwa, saa tatu ni saa tatu.

Jumapili Daraja FC waliingia kiwanjani, wakakaa, wakapewa kombe la mezani. Adhuhuri shabiki mmoja wa Ndundu akawatumia watu wa Mbuchi sauti kwenye simu. Ukiifungua unamsikia ng'ombe analia, kisha kicheko, kisha mtu anasema, "Anawaulizia!"

Mshamu aliicheza sauti ile mbele ya mgahawa mpaka Sabra akamtishia kumwagia maji ya moto.

Badru hakumsemesha dada yake. Hakumtukana, hakumnunia mbele za watu. Alimwamkia asubuhi, akapita. Chakula alikula kwake mwenyewe. Mwanajuma alirudi kupeleka kaa kwa kuomba nafasi kwenye boti za watu, tenga moja hapa, tenga moja pale. Kila akipita kiwanjani anaiona boti yake imekaa kwenye tuta kama kiraka kwenye nguo, na kaa wadogo wameshaanza kuchimba pembeni yake. Hakuiomba timu imsaidie. Alingoja mwezi ukue, kwa sababu chombo kilicholetwa na bamvua hutolewa na bamvua.

Mwezi ulipokuwa mpevu, asubuhi maji yakiwa chini, alikwenda na jembe peke yake. Alikuwa ameshachota tope la kutosha kumfika mtu magotini aliposikia jembe la pili. Hakugeuka. Aliutambua mchechemeo.

Walichimba mpaka jua likapanda. Wakatoa viroba, wakatoa mawe ya Sabra. Watu wengine wakaja mmoja mmoja, akaja na Mshamu, wakaanza kujenga tuta jipya nyuma ya boti, safari hii pana, la kupita watu wawili. Alasiri maji yakaanza kurudi. Mwanajuma akapanda ndani na nguruzi mkononi, akatafuta jiwe la kuigongelea. Badru akampa.

"Siku ile," Mwanajuma akasema, bado ameinama, "ungetikisa kichwa tu, nisingeizamisha."

"Najua, dada," Badru akajibu. "Ndiyo maana niligeuka."

Mwanajuma akagonga nguruzi mara mbili, ikakaza. Badru akatia bega ubavuni, na wote wawili wakangoja maji yaiinue.